Wasomaji Wanauliza: Tangi, pampu na vihisi ndani ya dunia ya mchezo

Barua za safari hii zimetoka Tanga na vitongoji vyake, na nyingi zinagusa jambo moja: namna ya kutumia dunia ya mchezo wa bloku kutengeneza na kujaribu programu za vifaa janja kabla ya kununua hata waya. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha. Tukisema "mchezo" bila kufafanua, tunamaanisha Luanti, ule ulioitwa Minetest mpaka mwaka 2024.

Habari za kazi. Nina klabu ya kompyuta yenye wanafunzi 24 na kompyuta 8 za zamani. Tunataka wajifunze kutengeneza mfumo wa kumwagilia miche ya michungwa, lakini fedha ya bodi za kielektroniki na vihisi vya kupimia hatuna, na intaneti ya shule ni ya kubahatisha. Nimesikia Minecraft inafaa. Tuanzie wapi?
*Mwalimu wa sekondari, Muheza*

Nzuri, Mwalimu. Minecraft inafaa, ila kila mchezaji anahitaji akaunti ya kulipia. Kwa klabu yako tunashauri Luanti. Ni bure, msimbo wake uko wazi, nyongeza zake, ambazo wachezaji huziita modi, huandikwa kwa lugha ya Lua, na ukishaisimika haidai intaneti tena.

Unahitaji vitu vinne: Luanti yenyewe, mchezo wa kuweka ndani yake, Mosquitto ya kupokea na kugawa ujumbe, na Node-RED ya kuunganisha mchezo na Mosquitto. Hicho cha pili huwapita wengi. Luanti ni injini tu, mchezo unauchagua wewe. Pakua Minetest Game kutoka kwenye hazina yao ya ContentDB, kisha nakili folda ya games kwa flashi kwenda kwenye kompyuta zote. Node-RED haihamishwi kwa flashi kirahisi hivyo, kwa sababu inaposimikwa huvuta vipande vingi kutoka intaneti. Chagua kompyuta moja, ile yenye nguvu kuliko zote, uibebe mpaka penye mtandao mzuri uisimikie huko. Hiyo ndiyo itakuwa seva.

Nyingine saba zitaingia kwa anwani ya IP ya seva, mlango 30000. Mlango huo ni wa UDP, njia moja ya kutuma data kwenye mtandao; TCP ni nyingine. Wanafunzi wakibisha hodi wasifunguliwe, angalia kwanza ukuta wa usalama wa Windows: mara nyingi mtu amefungua 30000 ya TCP akadhani amemaliza. Kwa kompyuta za zamani, shusha viewing_range, yaani umbali wa kuona, kutoka 190 hadi 60; picha inatulia na kazi yenu haipungukiwi kitu.

Mosquitto nayo ina mtego wake. Tangu toleo la 2.0, ikianza bila maelekezo husikiliza kompyuta ileile iliyomo, na wengine wote inawakataa. Fungua mosquitto.conf, andika mstari wa listener 1883, na chini yake mstari wa password_file unaoonyesha faili la nywila ulilotengeneza kwa amri ya mosquitto_passwd. Mstari wa allow_anonymous true utawafungulia wote bila nywila, na utaukuta umependekezwa kila mahali. Siku ya kwanza si neno, lakini usiuzoeshe darasa, kwa sababu mazoea hayo yatakwenda nao mpaka kwenye pampu ya mtu.

Sasa miche. Msianze na bloku, anzeni na karatasi. Mkubaliane kila kifaa kinaitwaje, kinatuma nini, kwa kizio gani, kila baada ya muda gani. Kwa mfano, tuta la tatu la kitalu litume kwenye mada hii, yaani anwani ya ujumbe (wakati ni sekunde tangu mwanzo wa 1970):

klabu/kitalu/tuta-03/unyevu
{"thamani": 41, "kizio": "asilimia", "wakati": 1767168000}

Programu ya kumwagilia isome mada hiyo tu. Isijue kama aliyeandika ni bloku ndani ya mchezo au bodi iliyochomekwa kwenye udongo wa Muheza. Siku mtakapopata bodi ya kwanza, mnaipa jina la tuta-03, mnaizima bloku, na programu haiguswi. Ikibidi kubadilisha mstari hata mmoja wa programu siku hiyo, jueni mpaka kati ya mchezo na programu uliwekwa pabaya. Hili kwetu ndilo linalobeba mengine yote, na majibu yaliyobaki kwenye kurasa hizi yanalirudia kwa njia moja au nyingine.

Wanafunzi watatu kwa kompyuta wanatosha: mmoja ajenge, mmoja aandike msimbo, mmoja atazame ujumbe unavyopita. Wabadilishane.

Shikamooni. Modi yangu imekubali na bloku inaonekana, lakini nikijaribu kutuma kipimo napata kosa kwamba http ni nil. Halafu hata ikituma, sioni programu ya nje itawezaje kuwasha pampu iliyo ndani ya mchezo.
*Mwanachuo, Makorora*

Marahaba, mdogo wetu. Luanti haimruhusu modi yeyote kutoka nje ya mchezo mpaka mwenye seva amtaje kwa jina. Fungua minetest.conf (faili lilibaki na jina la zamani) uandike secure.http_mods = vihisi, ambapo "vihisi" ni jina lilelile lililo kwenye mstari wa name wa mod.conf. Herufi moja ikitofautiana, utapata nil, yaani Lua imekuta patupu. Ukisahau kufunga seva na kuifungua upya, nil. Ukihariri minetest.conf ya nakala nyingine ya Luanti iliyomo kwenye kompyuta hiyohiyo, nil vilevile. Sababu ya nne ndiyo ngumu kuiona: core.request_http_api() lazima iitwe wakati modi inapopakiwa, juu kabisa ya init.lua, nje ya funksheni yoyote. Ukiiita mtu anapogusa bloku, umechelewa. Matokeo yake yahifadhi kwenye local, ili modi nyingine isije ikatoka nje kwa kutumia ruhusa uliyopewa wewe.

Kutuma: http.fetch kwenda http://127.0.0.1:1880/kihisi, njia ya POST, data iwe core.write_json ya jedwali lako, timeout, muda wa kusubiri jibu, sekunde 2. Upande wa Node-RED panga visanduku hivi: http in inayopokea /kihisi, kisha mqtt out. Kutoka http in hiyohiyo, vuta waya wa pili kwenda http response. Wengi huuacha waya huo kwa sababu ujumbe unafika hata bila wenyewe. Kumbe kila ombi linabaki likisubiri jibu mpaka timeout iishe, na Luanti kwa kawaida huendesha maombi 8 tu kwa wakati mmoja. Ukiwa na bloku 30 zinazotuma kila sekunde, foleni inajaa, na kipimo kinachofika ni cha dakika iliyopita.

Kuhusu pampu: modi ya Luanti inaweza kuuliza nje, lakini haiwezi kupokea mgeni anayebisha hodi. Kwa hiyo iulize kila sekunde 1: kuna amri? Node-RED isikilize mada za amri, itunze amri ya mwisho ya kila kifaa, na ijibu zote kwa pamoja ndani ya JSON moja (maandishi yenye majina na thamani, kama ya kitalu hapo juu). Usiulize mara moja kwa kila pampu. Ukiweka swali hilo ndani ya core.register_globalstep, funksheni inayoitwa kila hatua ya seva, jumlisha dtime, muda uliopita tangu hatua iliyotangulia, mpaka ifike 1 ndipo uulize. Hatua ya seva ni sekunde 0.09, kwa hiyo bila kujumlisha utakuwa unauliza kama mara 11 kwa sekunde.

Amri ikifika, badilisha bloku ya pampu iliyozimwa kuwa iliyowashwa kwa core.swap_node. Usitumie core.set_node hapa: inafuta kumbukumbu zote za bloku, na kama lita za tangi ulizihifadhi humo, zimekwenda.

Vihisi vya bustani yangu ndani ya mchezo vinatuma vizuri nikiwa karibu. Nikienda kujenga upande wa pili wa ramani, grafu inakatika. Nikirudi inaamka. Seva haijazimwa.
*Msomaji, Pongwe*

Mchezo hauendeshi dunia nzima kwa wakati mmoja. Ramani imegawanywa vipande vya bloku 16 kwa 16 kwa 16, na vinavyoendeshwa ni vile vilivyo karibu na mchezaji. active_block_range kwa kawaida ni 4, yaani vipande vinne, sawa na bloku 64. Ukivuka hapo, saa za bloku zinasimama.

Unaweza kuongeza namba hiyo, lakini seva ya zamani italemewa. Unaweza kutumia core.forceload_block kushikilia kipande kiwe macho, na kikomo chake cha kawaida ni vipande 16. Njia tunayoipenda ni nyingine: hesabu za kihisi zisikae ndani ya bloku. Weka jedwali moja ndani ya modi lenye orodha ya vifaa vyote na hali zao, liendeshe kwa globalstep, na bloku ibaki kuwa sura ya kutazamwa. Hapo hata mchezaji asipokuwepo vipimo vinaendelea.

Ukibaki na on_timer, saa ya bloku yenyewe, angalia thamani ya elapsed inayoletwa, yaani muda uliopita. Usidhani ni sekunde 5 kwa sababu uliweka 5. Ukirudi baada ya nusu saa inaweza kuwa 1,800, na pampu iliyokuwa imewashwa itaongeza maji ya nusu saa kwa mkupuo.

Ila kabla hujalitibu tatizo hili, litumie. Kihisi kilichonyamaza ni jambo la kila siku kwenye vifaa vya kweli. Grafu yako ilifanya nini kiliponyamaza? Kama ilivuta mstari ulionyooka kwa kipimo cha mwisho, mtumiaji ameambiwa udongo una unyevu wakati hakuna anayejua. Kipimo kikikosekana kwa vipindi vitatu, skrini iseme "haijulikani", na pampu isiwashwe kwa kipimo hicho.

Mwanangu wa kidato cha tatu anashinda kwenye mchezo akisema anatengeneza mfumo wa maji. Nitajuaje kama ni kazi au ni kucheza?
*Mzazi, Ngamiani*

Mama, mwambie alishushe dirisha la mchezo akuonyeshe ujumbe unaopita huku nje. Amri ni mosquitto_sub -t 'nyumba/#' -v, pamoja na jina na nywila yake, na "nyumba" ni neno la mwanzo la mada zake. Utaona mistari ikishuka, kila mmoja na jina la kifaa na kipimo. Kisha muulize maswali mawili: pampu inazimwa na nini, na kihisi kikifa pampu inafanyaje? La kwanza hata anayecheza tu atalijibu. La pili analijibu aliyefanya kazi.

Mimi ni fundi bomba. Kijana wangu ametengeneza ndani ya mchezo tangi la lita 1,000 na pampu inayojiwasha na kujizima. Mle ndani inakwenda vizuri kabisa. Tulipofunga kihisi cha mawimbi ya sauti kwenye tangi la kweli, rilei, swichi ya kuwasha pampu, ikawa inagonga tik-tik-tik bila kutulia. Mchezo umetudanganya?
*Fundi, Sahare*

Fundi, mchezo umewapa tangi ambalo uso wa maji hautikisiki, kihisi hakikosei, na hakuna anayefungua koki jikoni pampu ikiwa kazini. Programu iliyozoea tangi hilo lazima ishtuke ikikutana na lako. Dawa ni kuliharibu tangi la mchezo kwa makusudi, na tutaeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo faida yote ya mchezo ilipo.

Kwanza, maji ya mchezo yasitumike kupima kitu. Hayana ujazo. Bloku moja ya chanzo hutiririsha maji bila kuisha, na vyanzo viwili vikiwekwa kwa kuacha nafasi moja katikati, cha tatu kinazaliwa hapo. Maji yabaki kuwa pambo. Lita ziwe namba ndani ya jedwali la modi: kila sekunde ongeza za pampu, toa za matumizi. Pampu ya lita 20 kwa dakika inaongeza lita 0.33 kwa sekunde.

Pili, programu isipewe lita. Kihisi cha kweli hakijui lita, kinajua umbali kutoka kilipo mpaka uso wa maji. Tangi lenye kipenyo cha sentimita 110 lina lita 9.5 katika kila sentimita moja ya kina. Modi igeuze lita kuwa kina, kina kuwa umbali, itume umbali. Kazi ya kurudisha umbali kuwa lita ni ya programu, kwa sababu ndiyo itakayoifanya hata siku ya kihisi cha kweli.

Tatu, weka kasoro. Kwenye kila kipimo ongeza au punguza namba ya bahati nasibu isiyozidi sentimita 1. Katika kila vipimo 30, kimoja kiruke kabisa, kwa mfano kisome sentimita 40 wakati ukweli ni 90, kama sauti inavyorudi kutoka kwenye bomba au ukingo badala ya maji. Mara mojamoja kisitume chochote. Kisha mpe kijana uwezo wa kuchagua ubovu kwa kubofya bloku ya kihisi: bofyo la kwanza, kizima, la pili, kimekwama kwenye namba moja, la tatu, kinarukaruka, la nne, kimekufa. Maandishi juu ya bloku yaonyeshe hali iliyopo. Akifanya hivyo ataisikia rilei ikigonga ndani ya mchezo kabla ya kuisikia kwako.

Kugonga kwenyewe kumetokana na kuwasha na kuzima kwa kiwango kimoja. Kama ameandika "chini ya sentimita 60 washa, juu ya 60 zima", wimbi la sentimita 1 linatosha kuwasha na kuzima bila kukoma. Tenganisha viwango: washa kina kikishuka chini ya 30, zima kikifika 95. Chukua vipimo vitano, vipange kwa ukubwa, tumia cha katikati. Kile kilichoruka kinaachwa pembeni chenyewe. Ukitumia wastani wa kawaida, kipimo kimoja kibovu kinawavuta wote. Na pampu ikizimwa, isiwashwe tena kabla ya sekunde 60.

Nne, piga hesabu ya muda. Kutoka 30 hadi 95 ni sentimita 65, yaani lita kama 617, na kwa lita 20 kwa dakika ni dakika 31. Ikipita dakika 45 tangi halijajaa, programu izime pampu na kupiga kengele: bomba limepasuka, kisima kimekauka, au kihisi kimekwama. Bila kikomo hicho kihisi kilichokwama kitaichoma pampu.

Jambo moja mchezo hautawaonyesha hata kidogo ni joto. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na kama 351 ikiwa nyuzi 32. Kwenye umbali wa sentimita 120 tofauti hiyo ni karibu sentimita 3, na kwa tangi lako ni lita 27 hivi. Ndani ya tangi jeusi lililopigwa na jua la Tanga mchana, joto linapanda zaidi ya hapo. Wekeni kihisi cha joto pembeni, kasi irekebishwe kwenye programu.

Siku ya mchezo ni dakika 20. Programu yangu inapima kila baada ya dakika 10 na kumwagilia alfajiri na jioni. Nifuate saa ipi?
*Mwanafunzi, Chumbageni*

time_speed ya kawaida ni 72, maana yake saa ya mchezo inakimbia mara 72. Dakika 10 za mchezo ni sekunde 8.3 za kweli. Kwa kujaribu ratiba hiyo ni nzuri sana: wiki nzima ya alfajiri na jioni inapita kwa saa mbili na dakika 20. Sehemu ya "wakati" katika ujumbe iwe ya saa ya kweli, na ya mchezo iitume pembeni kwa jina lake. Ukizichanganya, grafu itarudi nyuma na kusonga mbele.

Lakini usijaribu pampu kwa mwendo huo. Ukiizidisha lita 20 kwa dakika kwa 72, unapata lita 24 kila sekunde, na tangi la fundi wa Sahare hapo juu litapanda sentimita 2.5 kati ya kipimo na kipimo. Utalaumu programu kwa kosa la saa. Kwa pampu weka time_speed iwe 1, au 6 kama huna subira. Kwa 6 siku inachukua saa nne.

Tunaanika mwani. Mvua ikishuka usiku hasara ni yetu. Kijana wa hapa anataka kututengenezea onyo la simu na ameanza kulijaribu kwenye mchezo. Lina maana?
*Kikundi cha wakulima wa mwani, Mwambani*

Lina maana kwa upande wa onyo: nani anapigiwa, baada ya muda gani, na nini kinafanyika simu yake ikiwa imezimwa. Mvua yenyewe ya mchezo msiijali, namba ya 0 na 1 inatosha.

Tahadhari yetu ni juu ya kile kihisi cha bei nafuu cha kibao chenye mistari ya shaba. Kinapima kama umeme unapita kati ya mistari, na pwani chumvi inatua juu yake. Chumvi hunyonya unyevu wa usiku, kibao kinasoma mvua, na watu wanaamshwa bure. Baada ya usiku wa tatu hakuna atakayeamka. Kijana aweke kwenye mchezo kihisi kinachosema uongo kila alfajiri, aone programu yake inafanyaje. Kwenye kibao cha kweli: kilazwe kwa mteremko, kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya siku chache, na kipewe umeme wakati wa kusoma tu, sehemu ndogo ya sekunde, la sivyo shaba inaliwa upesi. Kipima mvua cha kikombe kinachopinduka ni ghali zaidi, ila chumvi haikidanganyi kwa namna hiyo.

Tumetoka kwenye mchezo, tumenunua bodi tatu za ESP32, kompyuta ndogo zenye waifai, kwa matangi ya nyumba ya wageni. Mambo mawili yanatusumbua. Umeme ukikatika na kurudi, pampu inawaka yenyewe. Na bodi zinapokezana kupotea: moja ikiingia, nyingine inatoka. Ndani ya mchezo hatukuona hata moja.
*Fundi umeme, Raskazone*

Tuanze na la pili. Kila anayeingia Mosquitto anajitambulisha kwa jina lake la mteja. Wawili wakija na jina moja, wa kwanza anatolewa. Mlinakili msimbo uleule kwenye bodi zote tatu bila kubadilisha jina, basi zinatoana kwa zamu. Tumieni namba ya MAC, ambayo kila bodi hutoka nayo kiwandani, kuwa sehemu ya jina. Mchezo haukuonyesha kwa sababu bloku zote zilipita kwenye muunganisho mmoja wa Node-RED.

Pampu kujiwasha kuna sababu mbili, na huenda mnazo zote. Amri ya "washa" imetumwa ikiwa imewekewa alama ya kuhifadhiwa, kwa hiyo Mosquitto inaitunza na kuikabidhi bodi kila inapoingia upya. Hali ya kifaa ihifadhiwe, amri isihifadhiwe kamwe. Ili kuifuta iliyopo, tumeni ujumbe mtupu wenye alama hiyohiyo kwenye mada hiyohiyo. Sababu ya pili ni rilei: moduli nyingi huwaka pini ikiwa chini, yaani bila volti. Kwenye msimbo, andikeni hali ya juu kwenye pini kabla ya kuitangaza kuwa ya kutoa.

Waya za tangi moja, ili mlinganishe na zenu: kihisi kisichoingia maji cha JSN-SR04T kwa volti 5, trigger pini 25, echo pini 26, rilei pini 27. Echo inatoka na volti 5, na ESP32 inavumilia 3.3. Rezista ya kilo-omu 1 kutoka echo hadi pini 26, ya kilo-omu 2 kutoka pini 26 hadi ardhi. Pini 12 iepukeni, ikiwa juu wakati wa kuwaka bodi haianzi. Mkiongeza kihisi cha unyevu cha kutoa volti, kiende pini 34, kwa sababu pini za kundi la ADC2 hazisomi volti wakati waifai iko hewani. Waifai yenyewe iwe ya GHz 2.4, ya GHz 5 bodi haiioni. Kihisi kikae sentimita 25 au zaidi juu ya kina cha mwisho, karibu ya hapo hakioni vizuri.

Rilei ya ampea 10 isibebe mota ya pampu moja kwa moja. Iwashe kontakta, swichi kubwa ya sumaku, na kontakta ibebe mota. Katika waya wa koili ya kontakta, wekeni swichi ya boya inayokata tangi likijaa, bila kupitia bodi wala programu. Bredibodi, ubao wa kuchomeka waya bila kulehemu, haidumu Raskazone. Upepo wa bahari unakula miguu yake: lehemu viungo, paka vanishi ya elektroniki, funga kwenye boksi la IP65, lisilopitisha vumbi wala maji ya kurushwa, lenye matundu ya waya yakitazama chini.

Mwisho, msitegemee seva kugundua kwamba bodi imepotea. Keepalive, muda ambao bodi huahidi kujulisha kwamba iko hai, ikiwa sekunde 60, Mosquitto inaitangaza imekufa baada ya sekunde 90, na muda wote huo pampu inasukuma. Kikomo cha dakika 45 kiandikwe ndani ya bodi. Bodi isiposikia seva kwa dakika 2, izime pampu yenyewe. Jaribuni hivi mkiwa wawili, mmoja amesimama kwenye swichi kuu: washeni pampu kwa simu, chomoeni rauta, anzeni kuhesabu. Ikizima kati ya sekunde 120 na 130, endeleeni na tangi la pili.